Sasa Sisikii Gari

Sikio la kulia la mzee wangu lilianza kumwacha kabla hajafika miaka hamsini. Nyumbani tulizoea hadi hakuna aliyeuliza tena. Mama hukaa kushoto kwake. Simu huenda kushoto. Mgeni akikosea akakaa kulia, mzee hutabasamu tu na kutikisa kichwa, na mgeni anaenda zake akidhani wamepiga stori poa sana.

Mzee aliendesha matatu miaka kumi na tisa, mingi yake kwenye Nissan za abiria kumi na wanne. Kama hujawahi kukaa mbele kwenye hizo gari, wacha nikueleze: injini iko chini ya kiti. Dereva anaikalia kuanzia saa kumi na moja alfajiri, dirisha la kulia likiwa wazi kwa sababu ya joto, na upepo na pikipiki na honi zote za Jogoo Road zinaingia kupitia sikio hilo hilo moja. Nyuma yake kuna spika. Daktari aliyempima hakulaumu gari peke yake, maana umri nao hufanya kazi yake, lakini swali lake la kwanza lilikuwa: "Ulikuwa ukiendesha dirisha likiwa wazi?"

Siku hizi mzee ana Probox, ya kubebea bidhaa za duka la mama. Mwaka jana nilipolipwa kazi moja ya kuandika iliyokuwa imecheleweshwa miezi minne, niliamua kumpa zawadi. Sikutaka kumnunulia redio wala viti vipya. Nilitaka kumnunulia kimya. Nikapeleka gari kwa fundi mmoja wa jua kali karibu na Kirinyaga Road anayejulikana kwa kuzima kelele za gari.

Fundi aling'oa viti, akakunja kapeti, akafungua vifuniko vya ndani vya milango. Chini yake karibu hakukuwa na kitu. Bati tupu, rangi, na vipande vichache vya lami vilivyoshikana na sakafu, vyeusi kama chapati iliyoungua. Probox ilitoka Japani mwaka 2002 kama gari la kazi, la kampuni kubebea mizigo na wafanyakazi, kwa hivyo Toyota haikupoteza pesa kumbembeleza dereva.

"Cheki hii," fundi akaniambia. Akagonga bati la mlango kwa kifundo cha kidole. Ngoooong. Akakata kipande cha shuka nzito, raba ya butili upande mmoja na foili ya alumini upande mwingine, akakibandika, akakisugua kwa roli ndogo ya mkono. Akagonga tena. Dup.

Huo ndio uchawi wote, na wewe unaujua tayari. Angusha kifuniko cha sufuria sakafuni, kitalia. Kiguse kwa kidole, kinyamaze. Kidole chako hakijazuia sauti kupita; kimekula mtetemo. Bati la gari ni kifuniko kikubwa cha sufuria, na ile raba ni kidole kisichoondoka. Inavutwa na kusukumwa na mtetemo wa bati, na nguvu ile inageuka kuwa joto kidogo sana usiloweza kulihisi.

Tulibandika milango, sakafu, buti, matao ya magurudumu na ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Tukaongeza sponji, tukabadilisha raba za milango zilizokuwa zimekauka. Siku mbili. Jumapili nikampa mzee funguo, tukatoka hadi Thika Road.

Kusema ukweli nilijisikia mtu mkubwa. Tairi zilikuwa zinanong'ona. Lori likatupita na sikuhitaji kupaza sauti. Tulipofika Githurai mzee akashusha dirisha lote hadi chini.

"Nini mbaya?" nikamuuliza.

"Umenifunga ndani ya godoro," akasema. "Sasa sisikii gari."

Nilikasirika wiki nzima. Halafu nikaanza kusoma, kwa sababu mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili huwa na tabia ya kutaka kushinda mabishano kwa vitabu. Nilitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba gari zuri ni gari lililonyamaza. Sikushinda. Nilichogundua ni kwamba mabishano yangu na mzee yana zaidi ya miaka mia moja.

Anza na mwaka 1907. Claude Johnson, aliyekuwa akiendesha upande wa biashara wa Rolls-Royce, aliagiza gari moja lipakwe rangi ya fedha na vyuma vyake vipakwe fedha halisi. Lilisajiliwa kwa nambari AX 201. Akalipa jina: Silver Ghost, mzuka wa fedha, kwa sababu lilipita kimya kama mzuka. Wakati huo gari lilikuwa kitu cha kupiga mlipuko na kutisha farasi. Johnson alilituma likimbie majaribio ya zaidi ya maili 14,000, mara nyingi kati ya London na Glasgow, ili watu waone kwamba mzuka huu haukuwa wa kuonyeshwa tu sebuleni. Jina la gari moja likawa jina la modeli nzima.

Lakini nani alikuwa akinunua? Matajiri waliokuwa na dereva. Mwenye gari aliketi nyuma, dereva mbele. Kwa mwenye gari, kelele ya injini ilikuwa usumbufu. Kwa dereva, ilikuwa habari. Madereva wa enzi hizo walikuwa mafundi pia. Gari likiharibika njiani hakuna wa kupigiwa simu. Walijua kwa sauti kama vali imelegea au beringi imekauka, kama vile mama anavyojua kwa sauti kwamba mchele umekaukiwa kabla ya kufunua sufuria. Mtafiti Karin Bijsterveld na wenzake waliandika kitabu kizima juu ya historia hii mwaka 2014, kinaitwa Sound and Safe, na jambo lililonikaa kichwani ni hilo: kusikiliza gari kulikuwa ujuzi, na ujuzi huo ulitoka mikononi mwa dereva polepole.

Ulitokaje? Kwanza, gari lilifungwa. Mwaka 1919, kwa hesabu za Alfred Sloan aliyeongoza General Motors, gari moja tu kati ya kumi yaliyouzwa Marekani lilikuwa na paa na madirisha ya kudumu. Mengine yalikuwa wazi, na turubai la kuvuta mvua ikija. Kufikia 1927 yaliyofungwa yalikuwa asilimia 85. Kampuni ya Hudson ndiyo iliyoleta vita ya bei kwa gari lake la Essex. Kufikia 1925 lile lililofungwa liliuzwa dola 895, dola 5 chini ya lile la wazi. Mtu wa kawaida akapata paa.

Akapata na ngoma. Ukiwa kwenye gari la wazi, kelele inaondoka na upepo. Ukifunga sanduku, kelele inabaki ndani na wewe. Bodi za wakati huo zilikuwa fremu za mbao zilizopigiliwa mabati, na kila barabara mbovu ilifanya mbao isuguane na mbao. Kwiko, kwiko, kwiko.

Hapa anaingia jamaa ambaye sikuwahi kumsikia popote. Charles Weymann alizaliwa Port-au-Prince, Haiti, mwaka 1889, mama yake Mhaiti na baba yake Mmarekani. Alikuwa rubani, mwaka 1911 alishinda mashindano ya ndege ya Gordon Bennett, yaliyofanyika Uingereza. Ndege za siku hizo zilikuwa mbao na kitambaa, na zililazimika kujipinda bila kuvunjika. Weymann akachukua wazo hilo akalileta kwenye magari. Katika bodi zake mbao hazikugusana kabisa: kila kiungo kilishikwa na vyuma vilivyoacha nafasi ndogo katikati, na juu yake kukavutwa kitambaa cha ngozi bandia badala ya bati. Kitambaa hakilii. Kiungo kisichogusana hakikwikwi. Miaka ya 1920 bodi za aina ya Weymann ziliwekwa kwenye magari ya kifahari Ulaya, zikiwemo Bentley.

Zilikufa haraka, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Watu walitaka mng'aro na miviringo, na viwanda vilitaka kupiga bati kwa mashine na kulichomelea. Bodi ya chuma kitupu ilishinda kwa sababu ilikuwa rahisi kutengeneza kwa wingi. Paa ndilo lililochelewa: magari mengi yalikuwa na bodi ya chuma lakini katikati ya paa pameachwa shimo lililozibwa kwa kitambaa. Mwaka 1935 General Motors ikatoa paa la chuma kizima, ikaliita Turret Top.

Kama umewahi kulala kwenye nyumba ya mabati usiku wa mvua ya Aprili, unajua walichokuwa wamejipatia. Bati pana, jembamba, lisiloshikwa katikati, ni ngoma. Ndiyo maana kuanzia hapo wenye viwanda wakaanza kubandika vitu: karatasi nzito iliyolowekwa lami, majamvi ya pamba na sufu, vipande vya lami vilivyowekwa sakafuni gari likielekea kwenye tanuri la kukausha rangi, vikayeyuka na kushikana na bati. Zile chapati zilizoungua nilizoziona kwenye Probox ni wajukuu wa kazi hiyo.

Kwa muda mrefu ilikuwa kazi ya kubahatisha. Mwaka 1952 Mjerumani mmoja, Oberst, akachapisha hesabu za namna tabaka lililobandikwa juu ya bati linavyokula mtetemo. Mpaka leo maabara hupima vifaa hivi kwa kipande cha chuma kinachoitwa kwa jina lake. Mwaka 1959 Mmarekani Edward Kerwin akaonyesha kitu kitamu zaidi: ukilaza tabaka laini juu ya bati halafu ukalifunika kwa tabaka jingine gumu, lile laini linanyongwa katikati kila bati linapotikisika, na linakula mtetemo mwingi kuliko likiachwa wazi. Rudi sasa kwa fundi wangu wa jua kali. Raba laini, foili ngumu juu yake. Foili si ya urembo. Yule jamaa hajawahi kumsikia Kerwin, na kila siku anabandika hesabu zake kwenye milango ya watu.

Kuna jambo jingine ambalo fundi mwenyewe aliniambia na vitabu vikakubaliana naye: kuzima mtetemo na kuzuia sauti kupita ni kazi mbili tofauti. Kuzuia kunataka uzito. Ndiyo maana jirani wa ukuta wa mawe humsikii akikohoa, na wa ukuta wa mabati unajua hata anachoota. Ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili, sauti inayopita inapungua kwa takriban desibeli 6. Desibeli 10 ndizo sikio linazohisi kama nusu ya kelele. Kwa gari, uzito ni mafuta, na mafuta ni pesa. Kwa hivyo kimya kilibaki cha wenye pesa.

Matangazo hayakuficha. Mwaka 1958 David Ogilvy aliandika tangazo la Rolls-Royce ambalo wanafunzi wa biashara bado wanafundishwa: kwamba kwa mwendo wa maili 60 kwa saa, kelele kubwa kuliko zote ndani ya gari ni ya saa ya umeme. Wengine wakamkumbusha kwamba Pierce-Arrow walishasema kitu kama hicho miaka ya thelathini. Lakini fikiria huyo mtu anayesikia saa. Ni mtu asiye na kazi. Hasikilizi giaboksi kwa sababu kuna mtu mwingine anayelipwa kuisikiliza.

Mwaka 1989 Wajapani wakaja na Lexus LS 400, iliyochukua karibu miaka sita kutengenezwa chini ya mhandisi Ichiro Suzuki. Hawakuridhika kubandika vitu juu ya kelele. Walitaka kuiua inapozaliwa. Wakanyoosha injini isitikisike, wakatumia bati la sandwichi, yaani mabati mawili na utomvu katikati, wazo la Kerwin limegeuzwa kuwa bodi yenyewe. Tangazo lao liliweka piramidi ya glasi za shampeni juu ya boneti, gari likazungushwa magurudumu mahali pamoja hadi zaidi ya maili 140 kwa saa. Hakuna glasi iliyoanguka.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1992, Nissan ikatoa Bluebird yenye maikrofoni na spika zinazopiga sauti iliyo kinyume na ngurumo ya injini ili zifutane. Wazo lilikuwa la Mjerumani Paul Lueg, aliyeliombea hataza katika miaka ya 1930, akakosa mashine za kulitekeleza. Ni wazo lile lile lililo kwenye hizo hedifoni ulizovaa ukisoma hii ndani ya mathree.

Nissan ile ile, nikajiambia. Kampuni iliyokuwa na akili ya kufuta ngurumo kwa spika ndiyo iliyotengeneza gari lililomweka mzee wangu juu ya injini. Si kwamba hawakujua. Bluebird ilitengenezwa kwa familia. Ile van ilitengenezwa kwa mizigo. Sisi ndio tuliyoitia viti na kuipa watu.

Na tulikuwa tumezoea hivyo. Tangu mwaka 1973, Jomo Kenyatta alipotangaza kwamba matatu zinaweza kubeba watu bila leseni ya magari ya abiria, gari la umma Nairobi lilikuwa kitu kilichoundwa na fundi juu ya kitu kilichokusudiwa kazi nyingine: pickup iliyopigiliwa bodi ya bati na benchi mbili. Hakuna aliyeuliza kuhusu desibeli. Baadaye tukajibu kelele kwa ngoma. Manyanga za miaka ya tisini, nganya za leo, spika chini ya kila kiti. Sisemi vibaya, nimekulia humo, na nyimbo nyingi nizipendazo nilizisikia mara ya kwanza kwenye matatu. Lakini ngoma haifuti ngurumo, inaipanda juu. John Michuki alipoleta sheria zake Februari 2004, alidai mikanda, vidhibiti mwendo na ule mstari wa njano. Mwaka 2005 zikatoka kanuni za kelele kazini: mfanyakazi asikae kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa nane ndani ya siku. Ziliandikwa zikifikiria viwanda, na mashine zisizotembea. Kwenye stage ya mzee sikuwahi kusikia mtu akija na kipimo. Seli ndogo za sikio zinazoshika sauti zikifa hazioti tena. Zinazotangulia kufa ni za sauti nyembamba, ndiyo maana mzee anasikia mlango ukigongwa lakini "sita" na "pita" kwake ni neno moja.

Kwa hivyo nilikuwa na haki, si ndiyo? Kimya ni afya. Lakini mzee naye alikuwa na haki yake, na viwanda vyenyewe vimeanza kumkubali. BMW ilipotoa M5 mwaka 2011, ndani yake mlikuwa kimya hadi wakalazimika kupiga sauti ya injini kupitia spika za redio ili dereva ahisi anaendesha kitu. Magari ya umeme nayo yamenyamaza hadi kuwa hatari. Tangu Julai 2019 Umoja wa Ulaya unataka modeli mpya za umeme zipige sauti zikienda mwendo wa chini, ili mtembea kwa miguu, hasa asiyeona, ajue linakuja. Miaka zaidi ya mia moja baada ya mzuka wa Johnson, sheria inauambia mzuka upige kelele.

Nilirudi kwa mzee nikamuuliza vizuri, bila kutaka kumshinda. Nilikaa kushoto. "Unakosa kusikia nini hasa?"

Alifikiri kidogo. "Tairi sizitaki," akasema. "Upepo siutaki. Injini nataka. Miguu ya mbele nataka. Sikio langu ni moja na nusu, sasa ukiniwekea godoro napata nusu."

Ilikuwa maelezo mazuri ya kiufundi kuliko yote niliyoyasoma. Nikarudi kwa fundi. Akacheka, akasema wateja huomba kuongezewa, hakuna aliyewahi kuomba kupunguziwa. Tuling'oa zile shuka za ukuta wa injini, kazi mbaya, maana raba ile ikishika imeshika. Alitumia mashine ya hewa moto na mimi nikatumia kisu cha jikoni na matusi. Milango, sakafu ya nyuma na matao ya magurudumu tuliviacha vilivyo. Raba mpya za milango tuliziacha, na nikamwomba mzee jambo moja tu: dirisha la kulia libaki limefungwa kwenye barabara kuu.

Anafunga, akikumbuka. Mwezi uliopita tulikuwa tunatoka Wangige na magunia mawili ya viazi nyuma. Nilikuwa nikiongea. Mzee akainua kidole ninyamaze, akageuza kichwa kidogo, sikio la kushoto likaelekea kwangu, kwenye gurudumu la upande wangu.

"Beringi," akasema.

Mimi sikusikia kitu. Fundi aliliinua gurudumu kwa jeki, akalizungusha kwa mkono, akaniangalia.

"Nani amekwambia?"